Siku tisa mtoni: mbao mbili, matanga matatu na upepo wa dharuba

Joshi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Nimetoka mtoni. Kwa siku tisa nimekuwa nikijaribu mbao mbili na matanga matatu ya mchezo wetu wa ubao wa tanga (windsurfing), na nataka kuandika yote kabla hayajanichanganyikia. Humu kila wiki linaulizwa swali la "nichukue ubao wa lita ngapi, tanga la mita ngapi", na wengi wetu tunajibu kwa uzoefu wa baharini, ambako upepo ukishaanza kuvuma unavuma. Mtoni hauvumi hivyo. Unakupiga, unakuachia, halafu unakupiga tena ukitokea pembe nyingine kidogo. Ubao uliokupendeza baharini unaweza kukuchosha mtoni kwa nusu saa tu.

Mto wenyewe ni mpana, kama kilomita moja na nusu kutoka ukingo hadi ukingo, na unapita katikati ya milima. Mkondo unateremka upande mmoja, upepo unapanda kinyume chake. Upepo wa kawaida siku hizo ulikuwa kilomita 25 hadi 30 kwa saa, na dharuba zilifika 45. Sasa pigeni hesabu. Nguvu ya upepo kwenye tanga huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Kutoka 30 kwenda 45 kasi imekuwa mara moja na nusu, lakini nguvu imekuwa mara 2.25. Mikono ni ile ile, tanga ni lile lile, na ndani ya sekunde mbili mzigo umezidi maradufu. Sekunde kumi baadaye umeondoka wote.

Mimi nina kilo 78. Ubao A ni wa lita 85 (huo ni ujazo wake), upana sentimita 57, umbo la kuchezea mawimbi. Ubao B ni wa lita 105, upana sentimita 64, ni wa matembezi ya kasi. Matanga ni ya mita za mraba 4.7, 5.3 na 5.8. Kila jozi niliipa saa moja, na mkononi nilikuwa na kifaa cha GPS.

Matokeo kwa kifupi: Ubao A na tanga la 5.8 ndio walioshinda. Kasi ya juu kabisa ilikuwa kilomita 46.8 kwa saa. Ubao B na tanga hilo hilo ulikomea 43.1, na kila dharuba ilipokuja uliinua pua, ukaanza kutembea juu ya pezi lake, lile bawa la chini ya mkia, kama unataka kupinduka. Mara mbili ulinitupa mbele ya tanga. Nilipata hofu nao, nasema kweli.

Ubao A una shida moja. Upepo ukilala, unazama nami hadi magotini, inabidi nijilaze majini na kusubiri dharuba nyingine iniinue. Nilichukulia kwamba ni kawaida ya mto.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa uzito wangu ni ubao mdogo na tanga kubwa. Tanga kubwa linakupa nguvu upepo ukipungua, na ubao mdogo unatulia dharuba ikija. Karibuni tujadili.

DadaPezi

Kaka Joshi, asante kwa kazi hii. Si wengi wanaokaa siku tisa majini kisha wakaja kuwaandikia wenzao.

Kabla hatujaukataa Ubao B, naomba uniambie mapezi yalikuwa ya urefu gani. Ulivyoeleza ule ubao kuinua pua na kutembea juu ya pezi, hali hiyo naifahamu. Pezi ni bawa. Linavyokwenda kasi ndivyo linavyonyanyua, na nguvu ya kunyanyua nayo inakua kwa mraba wa kasi. Pezi linalofaa ukiwa na kilomita 25 kwa saa linakuwa kubwa kupita kiasi ukifika 40, na ubao mpana ndio unaoumia zaidi kwa sababu miguu yako iko mbali na mstari wa katikati.

Halafu hiyo kasi ya juu kabisa. Wewe umepima dharuba moja, ile iliyokukuta ukiwa umesimama vizuri. Hujapima saa nzima.

Joshi

Dada, pezi la A lilikuwa sentimita 24, la B sentimita 34. Ndivyo mbao zilivyokuja, sikubadilisha.

DadaPezi

34 kwenye upepo wa 45! Basi hapo umejaribu mapezi mawili, mbao bado. Tafuta pezi la 28 ulirudie jaribio, ndipo tuzungumze.

MzeeWaMkondo

Vijana, hamjambo. Naona hakuna aliyeutaja mkondo, na mtoni mkondo ni nusu ya habari.

Tanga halijui kasi ya upepo iliyotangazwa nchi kavu. Linajua upepo unaopita juu ya maji uliyomo. Chukulia upepo wa kilomita 32 kwa saa na mkondo wa 4. Mkondo ukienda kinyume na upepo, maji yanakupeleka kuupokea upepo, kwa hiyo unapata 36. Mkondo ukienda pamoja na upepo, unaukimbia, unapata 28. Ukipiga mraba, wa kwanza ana nguvu mara 1.65 ya wa pili. Wote wawili wanasema "leo ni 32", na mmoja anatumia tanga dogo kwa mita nzima kuliko mwenzake. Ndiyo maana ushauri wa tanga unaotoka mto mmoja kwenda mwingine unapotosha watu.

Jambo la pili ni umbo la maji. Upepo ukipingana na mkondo, mawimbi yanabanwa: yanakuwa mafupi, yamesimama wima, yana tumbo. Pale kwenye korongo la mto Columbia, mpakani mwa majimbo ya Oregon na Washington kule Marekani, watu husafiri kutoka mbali kuyafuata mawimbi hayo. Mto unapenya safu ya milima ya Cascade ukielekea magharibi baharini. Majira ya joto nchi ya ndani upande wa mashariki inachemka, hewa baridi ya Pasifiki inavutwa kuelekea huko, na njia rahisi ya kupita ni hilo korongo. Upepo unakwenda mashariki, maji yanakwenda magharibi. Raha yake nyingine ni kwamba mkondo unakurudisha joshini, yaani upande upepo unakotoka, bila kutoka jasho. Ukianguka, hupelekwi mbali demani, upepo unakoelekea, kama baharini.

Halafu maji ya mto ni mepesi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, ya mto kilo 1. Ubao wa lita 85 unabeba kilo 87 baharini na 85 mtoni. Kilo mbili unaweza kuziona ndogo, ila kwa mtu ambaye ubao wake tayari unazama, hizo mbili ndizo zinazokuweka magotini. Hebu Joshi jumlisha: wewe 78, ubao karibu 7, tanga na mlingoti 8, nguo za maji na mkanda wa nyongani wa kuning'inia kwenye tanga 3. Hizo ni 96 juu ya ubao wa 85.

Na kwa wanaodhani mto ni uwanja wa pili baada ya bahari: Newman Darby, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, alijaribu ubao wake wa tanga kwenye mto Susquehanna, Pennsylvania, mwaka 1964, miaka kadhaa kabla ya hataza ya ubao wa tanga ya Wamarekani Jim Drake na Hoyle Schweitzer iliyotolewa 1970. Majaribio ya mtoni ni ya zamani kuliko wengi wenu.

Chipukizi

Shikamoo Mzee. Mimi ndiyo kwanza nina msimu mmoja. Naomba kuuliza: dharuba unaionaje kabla haijakufikia? Mimi huwa naijua ikishaniangusha.

MzeeWaMkondo

Marahaba mwanangu. Tazama maji, acha kutazama tanga. Dharuba ikigusa maji inayakunja viwimbi vidogo vidogo, na sehemu hiyo inaonekana nyeusi kuliko jirani yake. Utaliona doa jeusi linakimbia juu ya mto. Likiwa linakuja moja kwa moja, una sekunde chache: kaa chini, nyonga zizame kwenye mkanda, mkono wa nyuma uwe tayari kulegea kidogo. Doa likishafika kwako umechelewa kujipanga.

Tazama pia kinachouzuia upepo. Jabali, msitu, kona ya mto. Nyuma ya kizuizi upepo unavurugika kwa umbali mrefu, mara kumi ya kimo chake na zaidi. Miti ya mita 20 inaweza kukuharibia upepo mita 200 kutoka ukingoni. Wageni wengi hujaribu vifaa karibu na ukingo kwa kuwa wanaona ni salama, kisha wanalilaumu tanga. Nenda hadi katikati ya mto, mradi unaweza kurudi.

FundiMatanga

Nimeusoma uzi wote. Upande wa mapezi Dada ameshamaliza. Mimi naja na matanga, ndiyo kazi ya mikono yangu kila siku.

Joshi, hukusema ulilivuta tanga chini kiasi gani, na kwenye upepo wa dharuba hilo linaweza kuzidi hata tofauti ya 5.3 na 5.8. Nitaeleza kwa ajili ya Chipukizi pia.

Tanga la siku hizi likivutwa chini vya kutosha, mlingoti unapinda, na ukingo wa nyuma katika theluthi ya juu unalegea. Ukilitazama ufukweni unaona limepwaya huko juu, mtu asiyejua atadhani limeharibika. Huko kupwaya ndiko kunakokuokoa. Dharuba ikipiga, sehemu ya juu inafunguka, inaumwaga upepo uliozidi, na kitovu cha nguvu kinabaki chini na mbele, pale pale mikono yako ilipo. Hujafanya lolote, tanga limejihudumia lenyewe.

Usipolivuta, ukingo wa nyuma unabaki umekaza. Dharuba ikija, tumbo la tanga linarudi nyuma, mkono wa nyuma unabeba mzigo wote, na tanga linajaribu kukugeuza. Mtu anasema "tanga hili ni kubwa mno", anashuka na kufunga dogo, analifunga vibaya vile vile. Nimeona watu wakiuza matanga mazuri kwa kosa la sentimita tatu za kamba.

Matanga mengi yana alama inayoonyesha ulegevu ufike mbavu (fito za kulikaza tanga) ya ngapi. Anza hapo. Kisha angalia ncha za mbavu zilizo juu ya mpini, ile boriti unayoishika: zisijibane kwenye mlingoti, ziwe zimerudi nyuma kidogo. Kamba ya kuvuta nyuma haina haja ya kukazwa sana, sentimita moja au mbili kupita pale tanga linapoacha kukunjamana inatosha. Ukiikaza sana unalifanya bapa, na upepo ukilala hulipati tena.

Mlingoti nao uwe wa tanga lako. Mlingoti wa mita 4 kwa kawaida una ugumu wa 19 kwa kipimo cha ugumu wa milingoti (IMCS), wa mita 4.3 una 21, lakini namba hizo hazisemi kila kitu. Kuna milingoti inayopinda zaidi juu, kuna inayopinda sawasawa, na kila mtengenezaji hukata tanga kwa mpindo fulani. Tanga la mpindo sawa ukilitia mlingoti mgumu juu, halitafunguka hata ulivute hadi kamba ikatike. Kwa dharuba mimi napendelea ile myembamba, yenye kaboni nyingi: inapinda upesi na kurudi upesi, na dharuba inayofuata inakuta tanga limeshakaa sawa.

Joshi, ulitumia mlingoti gani?

Joshi

Fundi, nina mlingoti mmoja mnene wa mita 4.3, kaboni asilimia 30. Nilitumia huo huo kwa matanga yote matatu. Kwenye lile la 4.7 mlingoti ulitokeza juu kipande kirefu.

FundiMatanga

Basi la 4.7 bado halijajaribiwa, ndugu yangu. Tafuta mlingoti wa mita 4.

NguvuKwanza

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Kwenye mto wenye dharuba, upepo unakuwa mdogo kwa muda mrefu kuliko unavyokuwa mkubwa. Ukifunga tanga la kukufaa kwenye dharuba, utasimama robo tatu ya siku. Bora tanga kubwa, dharuba ikija unalifungua kwa kulegeza mkono wa nyuma, ikiondoka unalivuta tena. Miaka yote nafanya hivyo na sijawahi kujuta. Joshi alikuwa sahihi toka mwanzo.

DadaPezi

NguvuKwanza, kwa kilo zako na mikono yako naamini unaweza. Lakini tanga lililofunguliwa kwa mkono wa nyuma katikati ya mawimbi mafupi ni breki. Ubao unapunguza mwendo, pezi linapoteza kasi, unatoka kwenye kuserereka (kuteleza juu ya maji) na kuanza kuyasukuma maji. Dharuba ndiyo iliyokuja kukupa mwendo, na wewe umeitumia kujizuia.

Haya ni maneno tu mpaka yapimwe. Joshi, ukirudi mtoni, mimi ningefanya hivi. Usijaribu peke yako, nendeni wawili. Mmoja akiwa juu ya A na mwingine juu ya B, mnakwenda sambamba, mita ishirini kati yenu, dharuba iwakute wote wawili. Baada ya dakika ishirini mnabadilishana mbao. Kisha mnarudi tena kwenye mpangilio wa kwanza, kwa sababu upepo wa saa nane si wa saa tisa, na usiporudi mwanzo hutajua kilichobadilika ni ubao au hewa. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha pezi, usiguse tanga.

Na uachane na kasi ya juu kabisa. Wanaoshindana kwa GPS wenyewe hawaiamini peke yake, wana kipimo cha wastani wa mikimbio mitano ya sekunde kumi kumi. Kwa upepo wa dharuba mimi napima vitu vitatu: dakika ngapi katika ishirini ubao ulikuwa unaserereka, mara ngapi nimeanguka, na mara ngapi nimesubiri majini ili niinuliwe. Andika ukitoka tu, usingoje jioni. Jioni kila mtu anakumbuka mkimbio wake mzuri.

Joshi

Wakuu, nimerudi. Imechukua muda kwa sababu ilibidi nitafute pezi na mlingoti wa kuazima, na mwenzangu wa kwenda naye. Nimempata dada mmoja wa kilo 66, mzoefu kuliko mimi. Tumekuwa majini siku nne na nimeandika kila duru kwa penseli ndani ya gari kabla ya kuvua nguo za maji.

Siku ya kwanza tulijaribu mbao. Matanga ya 5.3 mawili yanayofanana, milingoti ya mita 4, mapezi ya 24 kwenye A na 28 kwenye B. Upepo ulikuwa kama ule wa mwanzo, kawaida 28 hivi, dharuba 44.

Ule Ubao B ulionitia hofu sikuutambua. Dharuba ya kwanza ilipokuja nilijikaza nikisubiri pua iinuke. Haikuinuka. Ubao uliongeza mwendo, ukabaki umelala. Nilipiga kelele peke yangu katikati ya mto. Pezi tu, sentimita sita!

Kwa upande wangu, katika dakika ishirini A uliserereka dakika 9, B dakika 14. Tuliporudia mpangilio wa kwanza nikapata 8 kwa A. Kwenye A nilisubiri majini mara saba, kwenye B mara moja. Sababu niliiona wazi nilipokuwa sambamba na mwenzangu. Upepo ukilala, B uliendelea kuelea na kwenda polepole nikiwa nimesimama, miguu ikiwa tayari, na dharuba iliyofuata ilinichukua papo hapo. Kwenye A, dharuba ile ile ilinikuta nimelala majini, nikaitumia yote kuinuka, na nilipokaa sawa ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nazitumia dharuba kwa kujiokoa. Kasi yangu ya 46.8 ya mara ya kwanza ilikuwa kweli, ila ilitokea mara moja katika saa nzima.

Sasa sikilizeni upande wa mwenzangu. Kwake A ulikuwa mzuri kabisa, dakika 13 kwa 14 za B, na mawimbini aliupenda kuliko B. Nikapiga hesabu ya Mzee: 66 na vifaa kilo 18 ni 84, juu ya ubao wa lita 85. Kwake hauzami. Ubao ule ule una tabia mbili kwa watu wawili, kwa hiyo mtu akiuliza "A ni mzuri?", nimuulize kwanza ana kilo ngapi.

Siku ya pili na ya tatu ilikuwa zamu ya matanga, kila mmoja juu ya ubao wa aina ya B. Nilifanya alichosema Fundi. Kwanza nililifunga la 5.8 kama zamani, bila kulivuta vya kutosha, kisha nikashuka nikalivuta sentimita tatu zaidi. Tofauti niliisikia kwenye mkono wa nyuma kabla sijafika mita mia. Nilichokuwa nakiita nguvu ya tanga kubwa, kwa kiasi kikubwa kilikuwa mvuto wa tanga lililofungwa vibaya. Likiwa limevutwa sawa, 5.8 lilikuwa tamu hadi upepo wa 35 hivi, ukizidi hapo nilikuwa nalifungua kwa mkono, na kweli Dada, ni breki. Nilimwona mwenzangu mwenye 5.3 akinipita kila dharuba, na upepo ukilala tulikuwa sawa kwa sababu ubao wa lita 105 ulikuwa unatubeba wote.

4.7 kwenye mlingoti wake ni kifaa kingine kabisa. Jepesi, linageuka upesi, nimegeuza ubao upepo ukiwa nyuma yangu mara tatu mfululizo bila kuanguka, jambo ambalo sijawahi kulifanya mtoni. Lakini upepo wa kawaida ukishuka chini ya 30 halinitoshi.

Kwa hiyo nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Kwa uzito wangu, kwenye mto huu: Ubao B, pezi 28, tanga 5.3 lililovutwa chini hadi alama. Ubao mkubwa ndio ulioniruhusu kushuka tanga, kwa kuwa sihitaji tena tanga kubwa la kunitoa majini.

Kitu kimoja zaidi, kuhusu kamba za kuning'inia, zile za kwenye mpini unazozishika kwa ndoano ya mkanda. Siku ya nne tulizipanga hadi nikaweza kuachia mikono yote miwili kwa sekunde moja na tanga likabaki mahali pake. Kabla ya hapo zilikuwa mbele mno kwa upana wa ngumi moja, ndiyo maana mkono wa nyuma ulikuwa unachoka. Jaribio la dakika tano, na lilinipa saa nzima zaidi majini.

NguvuKwanza

Nimesoma mara mbili. Hiyo ya kunitoa majini imenigusa, maana mimi nina kilo 90 juu ya lita 95. Nina pezi la 28 nyumbani na rafiki mwenye ubao wa lita 115. Nitajaribu sambamba naye, nikubali au nikatae kwa vipimo.

MzeeWaMkondo

Joshi, umefanya kazi ya kiungwana, kurudi kusema nilikosea na hiki hapa kilichonionyesha.

Niongeze la usalama, kwa kuwa nimesema watu waende katikati ya mto. Katikati ndiyo njia ya matishari. Tishari lililopakia haliwezi kusimama wala kukukwepa, na likipita upande wa joshi linakukatia upepo ukiwa mbele yake. Ukiliona kwa mbali, usipime kama utawahi. Subiri lipite. Miti iliyoangukia majini ukingoni ni hatari nyingine: maji yanapita kati ya matawi, mtu na tanga lake hawapiti. Ukianguka na mkondo unakupeleka huko, achana na vifaa mapema, uogelee. Nguzo za daraja vivyo hivyo. Na fulana ya kuelea ivaliwe hata na anayejua kuogelea.

Chipukizi

Asanteni sana wote. Nimeazimwa ubao wa lita 120, mimi nina kilo 70. Mtoni kwetu kuna majani mengi majini. Nianze na pezi gani? Na vipi kuhusu foili, lile bawa la chini ya maji linaloinua ubao juu, naona wengi wanahamia huko?

DadaPezi

Mdogo wangu, 120 kwa kilo 70 ni mahali pazuri pa kuanzia, usiharakishe kuupunguza. Kwa majani, tafuta pezi lililolala nyuma sana, karibu nyuzi 45. Jani linateleza kwenye ukingo wake na kutoka. Pezi lililosimama wima linakusanya majani, linaacha kushika maji, na mkia unakuteleza pembeni ghafla ukiwa kwenye kasi. Ikitokea hivyo, ondoa uzito kwenye mguu wa nyuma, uvute ubao chini yako kwa miguu, kisha rudisha mzigo polepole.

Foili ni nzuri kwa upepo mdogo, inakuinua wakati sisi wengine tumekaa ufukweni. Lakini mti wake ni mrefu, unataka kina, na jani moja kubwa kwenye bawa likikukuta juu linakuangusha papo hapo. Mto wa majani na upepo wa dharuba si mahali pa kujifunzia. Maliza msimu huu na pezi.

Chipukizi

Nimeelewa dada. Naenda kesho na daftari.

Joshi

Chipukizi, chukua penseli, kalamu ya wino inalowa. Andika kilo zako, lita, pezi, tanga, umelivuta hadi mbavu ya ngapi, mkondo ulikuwa unaelekea wapi, na dakika ulizoserereka katika ishirini. Uje uweke hapa hapa, nami nitaweka za wikendi hii. Tunakwenda na pezi la 26 kwenye B kuona kama 28 nalo bado ni refu.